Nyumba Yenye Viti Viwili

Uani kwetu tuko wapangaji sita, na ukitaka kujua nani fukara kuliko wote huhitaji kompyuta. Ni mfua nguo wa chumba cha mwisho. Kitanda hana. Ana mkeka, madumu matatu, sufuria moja, na binti aliyefaulu kwenda sekondari mwaka juzi na tangu hapo yuko nyumbani anamsaidia mama yake kufua mashuka ya watu. Mimi nauza mkaa. Sisemi nina kitu, lakini nina viti viwili, meza, godoro na redio. Nina na binti wa umri huo huo, naye amekwama nyumbani vilevile.

Mjumbe wa mtaa alipita akatangaza kwamba watu wa mradi watakuja kutafuta mtoto wa kusomesha bure mpaka amalize, mmoja kwa kila ua, kutoka nyumba yenye hali duni kuliko zote. Hakuna aliyebishana. Sote tulimtazama mfua nguo. Hata mimi, na wivu wangu wote, nilijua riziki hiyo ni yake.

Asubuhi ya siku yenyewe akaja mlangoni kwangu, mikono bado ina povu.

"Dada, niazime viti. Wageni nitawakalisha wapi, juu ya dumu?"

"Chukua na meza."

"Na redio, kama haina kazi. Chumba kisionekane kama kuna msiba."

Nikacheka. Nikambebea na godoro, tukalitandika shuka la maua la mteja wake mmoja, Mungu atusamehe. Sikuona ubaya wowote. Ndivyo tulivyolelewa: mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwenyeji hawezi kupona huku anaona haya. Tulipomaliza, chumba kilipendeza mpaka mwenyewe akavua ndala kabla ya kuingia.

Wakaja wawili, msichana mwenye kishikwambi na mwanamume aliyevaa kizibao. Mimi nilikuwa nje nachekecha mkaa, nasikia kila neno.

"Mama, una viti vingapi?"

"Viwili."

"Redio unayo?"

"Hiyo hapo, mwanangu."

"Na godoro?"

"Lipo. Kalieni tu, ni laini."

Angejibu nini? Umwambie mgeni kwamba kiti alichokalia ni cha kuazima? Heri ardhi ikumeze. Kwake yeye maswali yale yalikuwa mazungumzo ya kawaida ya watu waliokuja kumjulia hali, na alifurahi kwamba kila walichouliza kilikuwepo. Msichana akawa anagonga kioo chake kwa kidole, anaweka alama.

Kisha wakaja kwangu. Chumba kilikuwa kitupu, nami nimekalia ndoo niliyoipindua.

"Mama, huna hata kiti?"

Ningeweza kusema viko chumba cha mwisho, ni vyangu, na godoro mlilokalia ni langu. Maneno yalishafika mdomoni. Lakini binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu, anauma kucha.

"Sina, mwanangu," nikajibu.

Baada ya wiki orodha ikabandikwa ukutani kwa mjumbe. Uani kwetu lilitoka jina la binti yangu. Mfua nguo akaja kunipa hongera, kisha akajiachia chini mlangoni. Alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa siku ile.

"Mimi wameniandika mwenye uwezo," akasema. "Ningejua nina uwezo, si ningepumzika hata Jumapili moja?" Akacheka peke yake. "Nimekwenda ofisini kwao. Mlinzi anasema wanaingia wenye majina kwenye orodha tu. Nikamuuliza, asiye na jina akalalamike wapi? Naye hajui. Dada, twende wote. Wewe watakusikiliza. Waambie tu vile vitu niliviazima kwako, labda wataongeza mtoto wa pili."

Hakunilaumu hata kidogo. Angenitukana ningepata pa kushikia.

Kesho yake tukaenda kwa miguu, yeye kavaa gauni lake moja la kutokea, kalinyoosha vizuri kuliko nguo za wateja. Getini mlinzi akatafuta jina la binti yangu kwenye karatasi, akanifungulia. Mwenzangu akabaki nje juani.

Ndani kulikuwa na feni. Msichana yule yule akanikumbuka.

"Karibu, mama. Una tatizo gani?"

Njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno. Lakini niliujua ukweli ambao mfua nguo hakutaka kuujua: nafasi ni moja kwa kila ua, na hakuna wa kuongeza ya pili. Wangefuta jina moja wakaandika lingine. Yule mwanamke nilimpenda, na nampenda hadi leo.

"Nimekuja kuuliza sare zinashonwa wapi," nikasema.

Akaniandikia jina la fundi. Nilipotoka, mfua nguo aliinuka kutoka ukingo wa barabara, akajikung'uta vumbi.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Wamekataa."

Akaitikia kwa kichwa polepole, wala hakushangaa. Akanishukuru kwa kumhangaikia. Tukatembea kidogo, kisha akasema sare zikishashonwa nimpelekee yeye awe anazifua na kuzipiga pasi, bure, maana binti yangu ni wake pia.