Jirani wa Mashariki

Nyumba ambayo Cresensia alikwenda kuonyeshwa nyuma ya soko la Karatu ilikuwa na vyumba viwili, sebule, na milango miwili inayotazamana. Ukisimama kwenye mlango wa mbele uliona mlango wa nyuma, na kupitia huo ukaona kiwanja kidogo chenye majani mabichi na chemchemi katikati. Nyumba zote sita za mstari ule zilijengwa hivyo, moja nyuma ya nyingine kama watu walio kwenye foleni, zimebanana kiasi kwamba mtu aliweza kumpa jirani chumvi dirishani bila kunyoosha mkono.

"Milango miwili ni kwa ajili ya hewa," alisema Piusi, mwenyekiti wa kitongoji.

Cresensia alitazama miimo ya mlango. Kuanzia magotini hadi kifuani mbao zilikuwa laini, zinang'aa, na unywele mmoja mweusi ulikuwa umenasa kwenye msumari. Alikuwa amezaliwa Endamarariek katika nyumba ambamo ng'ombe walilala ndani na watu, kwa hiyo alijua kinachosugua mbao zikawa vile. Lakini alikuwa amepanga vyumba vya watu miaka kumi na minne, akifua mashuka ya wageni kwenye lodge iliyo kwenye barabara ya kwenda Ngorongoro, na mtu wa namna hiyo akishapewa ufunguo ashike mkononi haulizi sana.

Muuzaji alikuwa Katarina, mwanamke mpole aliyekuwa amefungasha vyombo vyake tayari. Tatizo lilikuwa moja tu. Hati iliandikwa jina la mumewe, Lazaro, na ilibidi Lazaro asaini mwenyewe.

"Si taabu," alisema Katarina. "Huwa anapita jioni."

Wakamngoja sebuleni, wao watatu. Saa kumi na mbili kasoro robo aliingia kwanza mzee mrefu aliyejifunga blanketi, akaondoa kofia.

"Maji yapo?" akauliza.

"Yapo, mzee. Pitisha," Katarina akajibu.

Ng'ombe wakaingia kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma, mmoja mmoja, ishirini na tisa, wakipita kati ya kochi na kabati bila kugusa kikombe. Mzee alikuwa Qamara, aliyekufa zamani, enzi za baba yake Piusi, na njia hiyo ilikuwa yake kabla haijakatwa viwanja. Nyuma ya ng'ombe wote alikuja Lazaro na fimbo, amevaa fulana ya timu ya mpira ya wilaya. Katarina akaiweka hati kwenye mwimo wa mlango, akampa kalamu. Lazaro akaandika L. Kabla hajaanza A, mifugo ilikuwa imeshamtangulia, naye akalazimika kuifuata.

Kusaini kulichukua jioni sita. Piusi alihudhuria zote, akinung'unika kwamba kuna watu huweka herufi mbili tu na mkwaruzo, biashara ikaisha. Majirani wa mipaka nao walisaini, kama desturi inavyotaka. Upande wa mashariki alisaini Selestina, mama wa watoto wanne, ambaye mlango wake wa nyuma ulitazamana na mlango wa mbele wa Cresensia. Upande wa magharibi, penye chemchemi, Piusi aliandika neno "wazi".

Siku ya kukabidhi, Katarina alimwonyesha Cresensia sehemu ya ukuta wa nyuma yenye saruji mpya.

"Lazaro alitaka chumba cha tatu cha kupangisha, akaziba mlango huu kwa tofali," alisema. "Jioni ng'ombe wakaingia, hawakutoka. Asubuhi nilikuta kinyesi tu na viatu vyake. Nikazibomoa tofali mwenyewe kwa nyundo, lakini kesho yake alikuwa tayari anachunga." Alipapasa saruji ile. "Usizibe, mdogo wangu. Na mzee akiuliza kama maji yapo, yawepo kweli."

Cresensia alikaa pale miaka miwili, na ilikuwa miaka mizuri. Alipaka kuta rangi ya maziwa. Alinunua kitanda ambacho hakuna mwenye nyumba angemwambia akihamishe. Jioni, ikifika saa kumi na moja na nusu, mstari mzima ulikunja mikeka, ukafunika sufuria na kupandisha watoto vitandani. Mwalimu aliyepanga nyumba ya tatu alisahihisha madaftari akiwa amekaa juu ya meza, miguu ameikunja. Ng'ombe walipita, na baada ya muda Cresensia aliwasikia kule nyuma wakinywa, sauti ndefu na tulivu iliyomfanya naye asikie kiu. Asubuhi Selestina alizoa kinyesi akakitia kwenye bustani yake ya sukuma wiki.

Piusi alikuja Jumanne moja na karatasi kwenye bahasha. Kiwanja cha chemchemi kilikuwa kimepata mnunuzi wa kutoka Arusha. Angejenga gesti ya ghorofa tatu, ya kulaza madereva wa watalii.

"Wewe ndiye jirani wa mashariki," alisema Piusi. "Saini hapa."

"Hapo ndipo anaponywesha mzee Qamara."

"Najua. Baba yangu ndiye aliyeipima hii njia ikawa viwanja. Alijua pia."

"Basi sisaini, mwenyekiti."

Piusi hakukasirika. Aliketi, akaomba chai, akapewa. Alipomaliza kikombe alisema kwa upole kwamba hati ya nyumba ile ina saini ya mtu asiyeishi popote. Yeye aliona ikiwekwa, ni kweli, lakini macho ya mtu mzima husahau. Ofisini wakimuuliza, huenda asikumbuke.

Cresensia alitazama ukuta wa rangi ya maziwa. Alikifikiria chumba cha mwisho alichopanga, ambako aliogea kwa zamu na familia tatu, na kile cha kabla yake kilichovuja. Akasaini. Aliona aibu mkono ukiwa bado kwenye karatasi, na aibu hiyo haikumtoka tena.

Mafundi walianza Alhamisi. Walikuwa watu wa Rhotia, wachangamfu, wakimwomba maji ya kunywa kwa kubisha hodi vizuri. Chemchemi waliijaza mawe na kokoto, lakini maji yaliendelea kuchuruzika pembeni, kwa hiyo jioni Cresensia bado aliweza kujibu, "Yapo, mzee. Pitisha." Ukuta wa gesti ulipanda kiganja kimoja kutoka kwenye mlango wake wa nyuma, kwa sababu hati ilimruhusu mnunuzi kujenga hadi mpakani. Waliacha upenyo wa kupitishia toroli. Kila siku upenyo ulipungua tofali moja, na kila jioni ng'ombe walichukua muda mrefu zaidi sebuleni, wakipumua, wakingoja zamu.

Lazaro sasa alipata nafasi ya kusema neno moja mawili.

"Usifunge mlango wa mbele," alisema jioni ya kwanza. "Watasimama kwa Selestina."

Jioni ya pili alisema, "Na usikimbie. Wasipokuta mtu wanarudi nyuma kutafuta."

Jioni ya tatu Cresensia alimuuliza kama huko ni kubaya. Lazaro alifikiri, ng'ombe wa mwisho akiwa ameshachungulia nje.

"Ni kutembea," alisema. "Na kiu."

Upenyo ulizibwa siku ya kumi, saa nane mchana. Cresensia alifungua mlango wa nyuma akaona tofali za saruji, mbichi bado, na alama ya mwiko wa fundi. Hakukuwa na mchuruziko tena. Aliogopa sana, akaenda kukaa kitandani kwake.

Saa kumi na moja Selestina alisimama kwenye kichochoro, mtoto mgongoni, mwingine ameshika sketi yake.

"Dada Cresensia," alisema, akiutazama mlango wa mbele.

"Sitafunga, Mama Isaya," Cresensia akamwambia. "Maharage yako jikoni, chukua kabla hayajaungua. Na hizi ndoo ni zako."

Selestina alichukua sufuria. Alilia akiwa anaenda, bila sauti, ili watoto wasiulize.

Cresensia alivaa raba zake za kazini, akajitanda kanga na juu yake sweta, kwa sababu Karatu jioni kuna baridi. Alikunja mkeka. Alipangusa meza, ingawa hakukuwa na kitu juu yake. Mzee Qamara aliingia kwa wakati wake, akaondoa kofia.

"Maji yapo?"

Alikuwa ameulizwa swali hilo zaidi ya mara mia saba na kila mara jibu lilikuwa jepesi.

"Hayapo, mzee," alisema. "Wameyaziba. Karatasi niliisaini mimi."

Mzee alimtazama. Hakuonekana kushangaa, huenda baba yake Piusi naye aliwahi kumjibu hivyo. Akavaa kofia yake. Ng'ombe waliingia wote ishirini na tisa, wakajaa sebule na vyumba viwili, ubavu kwa ubavu, pembe zikigusa dari, na Lazaro akaingia nyuma yao akiwa na fimbo mbili. Selestina, akiwa kwake amewafumba watoto macho, alisikia kwato zikipapasa sakafu hadi giza lilipoingia. Kisha hakusikia kitu.

Asubuhi Piusi aliingia kwa mlango wa mbele uliokuwa bado wazi. Alikuta kinyesi na kitanda kilichotandikwa.

Ng'ombe hawakuacha kuja. Walipita nyumba tano, wakaingia ya sita, wakasimama humo hadi giza, na nyuma yao aliingia Cresensia na fimbo ya pili, midomo imekauka. Mzee alipouliza maji, nyumba tano zilizobaki zilimjibu kwamba hazijui. Gesti ilifunguliwa mwezi wa saba. Vyumba vya chini vilikuwa na unyevu, madereva wakalalamika, wakapunguziwa bei.

Nyumba ya Cresensia ilipata wateja upesi: nesi na mumewe, wamechoka kupanga. Piusi aliwaambia ina mlango mmoja, kwa hiyo haina vumbi. Nesi aligusa miimo laini ya mlango, akatazama unywele kwenye msumari, akamuuliza ufunguo uko wapi.

Hati ilihitaji saini ya mwenye nyumba. Selestina ndiye aliyeishikilia kwenye mwimo wa mlango, kwa kuwa alikuwa karibu, na kwa kuwa yeye tayari alikuwa ameshasaini, upande wa mashariki. Jina la Cresensia lina herufi tisa. Piusi alivuta kiti, akatazama saa, akasema huyu sasa atatuweka hapa hadi wiki ijayo.

Jioni ya kwanza Cresensia aliandika C. Alimrudishia Selestina kalamu, akamuuliza kwa sauti ndogo kama ana kikombe cha maji. Selestina alikimbia ndani kukileta, lakini aliporudi ng'ombe walikuwa wameshaingia, naye amewafuata.