Mgomba Ndani ya Shati la Wilfried

Eugène alirudi Baraka, Kongo, kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania na Kiingereza cha miaka miwili, na tangu hapo hakuna aliyepumua. Debe tupu haliachi kuvuma.

Siku hiyo alisimama kando ya kaburi, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Shimoni mlilazwa gogo la mgomba lililovishwa shati la mdogo wake Wilfried, mume wa Marthe. Mtumbwi alioupanda Wilfried ulipinduka ziwani alipokimbia vita ya kwanza ya Kongo, na maiti haikuonekana. Kwao, maiti isipoonekana huzikwa mgomba, na udongo wa kwanza humwagwa na ndugu wa marehemu. Bila hivyo matanga hayaishi. Marthe alikuwa amechoka kuulizwa kila soko kama mume amerudi.

"Mi siziki mugomba," Eugène akasema. "Ni ushenzi. Baingereza ba meli banasema muntu akizama, iko ndani ya sanduku ya bwana moja, kule chini ya bahari."

Jina la huyo bwana, alilolitaja Eugène kwa Kiingereza, Marthe hakulishika wala hakutaka. Kwa maelezo ya Eugène, ati wengine husema alikuwa muuza pombe, akilewesha watu na kuwauza melini. Wengine husema ni shetani. Wengine, nabii Yona! Hata wenye sanduku lao hawajui ni la nani. Loo! Mgomba wa shambani ni ushenzi, muuza pombe na sanduku lake ni elimu!

"Shemeji, ile sanduku nani aliiona?"

"Hakuna. Ni lugha ya basomi."

"Na Wilfried, nani alimuona akizama?"

Mtumbwi ule walipanda ndugu wawili, akafika Kigoma mmoja, na huyo mmoja hakuwahi kusimulia.

"Ni wewe," Marthe akasema. "Achia Baingereza sanduku yabo. Mwaga udongo, ao sema vile alizama."

Eugène akainama, akachota udongo. Ulimvuja vidoleni, ukaangukia kiatu chake kilichong'arishwa. Kiingereza chote kilikuwa kimemwisha.

"Alinishika muguu," akasema. "Maji ilikuwa inaniingia puani. Nilimupiga teke."

Marthe alimtazama kwa chuki, wala hakuificha.

"Basi mwaga," akasema. "Bado uko ndugu yake."