Siku ya Sitini

Kufikia saa mbili asubuhi kipima uchachu kilikuwa kimekataa mara tatu. Mizani alikifuta kwa kitambaa, akakitumbukiza tena kwenye kikombe cha maji, akasubiri namba zitulie. Hazikutulia. Akatoa betri, akazisugua kwenye gauni lake jeupe la maabara, akazirudisha. Safari hii namba zilipanda, zikashuka, zikasimama kwenye saba.

"Ahsante," alikiambia, kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kusikiwa.

Jina la Mizani alipewa na wafanyakazi wa zizi kwa sababu hakuna kitu alichokiacha kipite bila kukipima. Alipima majani yakiwa mabichi, akayapima yakiwa makavu, akapima hata yale yaliyobaki kwenye hori ng'ombe wakishashiba. Alikuwa msaidizi wa utafiti katika kituo cha malisho, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Mkataba wa sasa ulikuwa unaisha leo. Ukiisha bila kurefushwa, kingekwisha pia chumba kimoja nyuma ya kituo, alimokuwa akiishi na mama yake, ambaye magoti yake hayakuweza tena kupanda ngazi za nyumba nyingine yoyote waliyoimudu.

Leo pia ilikuwa siku ya sitini.

Ghalani kulikuwa na mapipa kumi na mawili ya plastiki ya bluu. Siku sitini zilizopita yalijazwa mahindi mabichi yaliyokatwakatwa pamoja na mabua yake, yakashindiliwa kwa miguu mpaka hewa yote ikatoka, yakafungwa kwa nailoni, mfuniko na pete ya chuma. Sileji, yaani malisho yaliyochachushwa hivyo, haitaki hewa. Ukiifunga vizuri inachacha taratibu, inakaa miezi, na ng'ombe wanaila kiangazi kama vile mvua ilinyesha jana. Ukiifungua, una siku tatu, labda nne. Baada ya hapo inapata joto, inaota ukungu, na ni heri kulisha udongo.

Mahindi hayo yalitoka kwenye shamba la Mama Pacha, mfugaji jirani aliyekuwa na ng'ombe watatu. Kituo hakikuwa na bajeti ya kulima. Kwa hiyo walikubaliana: yeye atoe shamba zima, asivune hata gunzi moja, na siku ya sitini achukue mapipa sita. Mizani mwenyewe ndiye aliyeyaandika makubaliano. Mkuu wa kituo alisaini.

Saa tatu mkuu aliingia maabara na funguo za gari mkononi.

"Binti, nakwenda mjini kikaoni. Narudi saa nane. Leo nataka takwimu mezani."

"Sawa, mkuu. Naanza kufungua sasa hivi."

"Kufungua nini?"

"Mapipa. Leo ni siku ya…"

"Najua leo ni siku gani." Alitabasamu, akavuta stuli akakaa, jambo ambalo hakuwa akilifanya. "Fungua yale manne ya ukutani tu. Hayo mpe yule mama. Manane yaliyobaki usiyaguse, kesho alfajiri yanapakiwa kwenye lori, yanakwenda kwangu shamba. Huko kiangazi kinafika baadaye, nataka yafike bila kufunguliwa."

Mizani aliangalia kipima uchachu. Kilikuwa bado kinaonyesha saba.

"Yale manne ya ukutani, mkuu, yalifunguliwa siku ya ishirini na moja. Siku ile ya wageni."

"Kwa picha tu. Tukayafunga."

"Hewa iliingia. Nadhani yana ukungu."

"Unadhani." Mkuu alisimama. "Ng'ombe wa kule kwao wanakula mpaka maboksi. Na hayo manane mengine, jaza namba zinazofanana na za mwaka jana. Wewe si msomi? Mkataba wako nimeuona, uko kwenye meza yangu. Nikirudi tunabadilishana: wewe unanipa takwimu, mimi nakupa saini."

Alipotoka, harufu ya manukato yake ilibaki muda mrefu, ikigombana na harufu ya mahindi.

Ghalani alimkuta Kwato, mlisha ng'ombe wa kituo, mzee mwenye viatu vya mpira vilivyokatwa visigino. Kwato alifungua pete ya pipa la kwanza la ukutani na kunyanyua nailoni. Hawakuhitaji kipimo. Juu kulikuwa na utando mweupe wenye madoa ya kijani, mzito kama blanketi, na chini yake majani yalikuwa meusi na ya moto.

"Loo," alisema Kwato, akageuza uso. "Hili si pipa, ni choo. Eti hiki ndicho anapewa Mama Pacha?"

"Shikamoo mzee, sikukuamkia asubuhi," Mizani alisema, akivaa glovu.

"Marahaba. Sasa unafanyaje?"

"Napima." Akachukua sampuli juu, katikati na chini. Mapipa yote manne yalikuwa hivyo hivyo. Akaandika kila namba kwenye daftari, na kwenye safu ya maoni akaandika: *Lilifunguliwa siku ya 21 kwa ajili ya picha.* Mara nne, mstari chini ya mstari.

Saa tano na nusu mkokoteni ulisikika getini. Mama Pacha aliusukuma mwenyewe, kanga imefungwa kiunoni, jasho linamtiririka, na kelele zake zilimtangulia.

"Hodi wenye elimu! Nimekuja kuchukua mahari yangu! Mbona mmenuna, kuna msiba?"

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Yule ng'ombe wangu Kipusa anazaa wiki hii, nakwambia, tumbo limeshuka mpaka hapa. Namlisha mabua makavu, ananiangalia kwa jicho la lawama kama mkwe. Pumba nimeacha kununua. Gunia moja sasa ni bei ya magunia mawili. Nikamwambia Kipusa, vumilia, siku ya sitini inakuja. Haya, mapipa yangu yako wapi?"

Mizani alitaka kuzungumza kwa mpangilio, lakini maneno yalitoka yamechanganyika. Alimwonyesha pipa la ukutani. Mama Pacha aliinama akanusa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Hiki kitamtoa mimba."

"Ndiyo, mama. Kinaweza."

"Na yale?" Alionyesha manane yaliyosimama katikati ya ghala, pete zake hazijaguswa.

"Yale mkuu amesema yanakwenda shambani kwake."

Mama Pacha alikaa kwenye ukingo wa mkokoteni. Kelele zote zilimwisha, akawa mtu mdogo kuliko alivyoingia.

"Shamba lote nililitoa," alisema. "Watoto waliniomba mahindi ya kuchoma, nikawafukuza shambani kwa fimbo. Nikawaambia, hayo ni ya utafiti."

Kwato alikohoa. "Tuyapakie tu. Mimi sijaona."

"Mlinzi hataruhusu," alisema Mizani. "Pipa halitoki bila hati yenye saini ya mkuu."

"Juzi nimetoa magunia manne ya mabaki ya hori, mbona hakuuliza chochote?"

"Mabaki hayahitaji hati. Kilichokwisha kupimwa ni mabaki ya jaribio, kinatoka tu."

Alilisema hilo kama mtu anayesoma kanuni ukutani, kisha akalisikia. Alirudi maabara kwa hatua za haraka, akatoa jalada la jaribio, akafungua ukurasa wa pili. Aliujua kwa moyo, lakini alitaka kuuona. *Siku ya sitini: mapipa yote kumi na mawili yafunguliwe. Sampuli zichukuliwe juu, katikati na chini.* Chini yake saini ya mkuu, ile yenye mkia mrefu.

Aliporudi ghalani ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.

"Mama, nisikilize vizuri," alisema. "Nikiyafungua ili nipime, hayawezi tena kusafirishwa wala kuwekwa. Mkuu hatayataka. Lakini na wewe hutaweza kuyaweka. Siku tatu, nne ukibahatika. Kwa ng'ombe wako watatu, sita ni mengi mno, yataharibika."

"Yakiwa yamefungwa ningelisha wiki mbili."

"Wiki mbili. Lakini yakiwa yamefungwa hupati hata moja."

Mama Pacha alimtazama. "Na wewe? Yule bwana atakuacha?"

Mizani alikuwa anavuta glovu, kidole kimoja kimoja.

"Mtaani kwetu kuna ng'ombe kumi na tisa," Mama Pacha alisema mwishowe. "Wote mbavu nje, unaweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Fungua, mwanangu."

Pete ya kwanza iligoma. Kwato aliipiga kwa nyundo, ikaruka, na nailoni ilipofunuliwa harufu ilijaa ghala: chachu, tamu kidogo, kama matunda yaliyosahauliwa kwenye kapu safi. Majani yalikuwa na rangi ya zeituni. Mizani aliyafinya kiganjani. Yalishikana, kisha yakaachana polepole. Kipima kilisoma nne kasoro kidogo. Siku sitini alikuwa akiisubiri namba hiyo. Aliiandika, akashangaa kwamba machozi yanaweza kumtoka mtu kwa ajili ya namba.

"Zuri?" Mama Pacha aliuliza.

"Zuri sana, mama. Ni mahindi yako."

Wakagawana kazi. Mizani anapima, Kwato anapakua kwa koleo, Mama Pacha anashikilia magunia. Mizani hakuruka hatua hata moja, ingawa kila gari lililopita barabarani lilimfanya asimame na kusikiliza. Mapipa mawili, sehemu ya kituo, Kwato aliyamwaga horini, na ng'ombe walisukumana mpaka boriti ikalia. Mkokoteni ulikwenda na kurudi. Safari ya tatu Mama Pacha alikuja na majirani wawili, na mikokoteni yao. Mlinzi aliangalia magunia, akabonyeza moja.

"Nini hiki?"

"Mabaki," alisema Mizani. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilitoka.

Saa nane na robo mkuu alisimama mlangoni mwa ghala. Mapipa manane yalikuwa yamelazwa kifudifudi, yameoshwa, yanachuruzika maji.

"Nilikwambia nini?" aliuliza taratibu.

"Ni siku ya sitini, mkuu." Alimpa daftari kwa mikono miwili. "Mapipa yote kumi na mawili. Kama ulivyosaini."

Mkuu alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye safu ya maoni, kidole chake kilisimama.

"Ukurasa huu uandike upya. Bila haya maneno ya picha."

"Kurasa zina namba, mkuu. Zimechapwa."

Alilifunga daftari, akaliweka kwapani. Hakupandisha sauti, hakuwa na haja. "Funguo."

Mizani alivua kamba shingoni. Ufunguo wa maabara ulikuwa na joto la mwili wake.

"Mkataba umeisha leo. Chumba cha kituo ukiache ndani ya siku tatu."

Njiani kurudi chumbani Mizani alipita nyuma ya uzio wa Mama Pacha. Kipusa alikuwa amezamisha kichwa ndani ya beseni, tumbo limeshuka kweli, masikio yanachezacheza. Hakunyanyua kichwa.

Chumbani mama yake alikuwa amekaa kitandani, anajipaka dawa magotini.

"Wamesaini? Mitatu tena?"

"Siku tatu, mama."

Mama yake alifunga kopo la dawa polepole, akaukaza mfuniko mpaka mwisho. Kisha akaanza kupapasa chini ya kitanda akitafuta kamba ya kufungia godoro.

"Na yule ng'ombe uliyekuwa unanisimulia?"

"Anakula," alisema Mizani, akapiga magoti kumsaidia kutafuta.