Fundi Ndani ya Kioo

Umewahi kumwona mtu mwenye njaa akiapa kwamba ameshiba, huku macho yake hayabanduki kwenye sufuria? Basi ndivyo alivyokuwa fundi mmoja wa nguo, siku binti yake alipomletea kamera dukani.

Binti huyo, ambaye nyumbani walimwita Chiriku kwa kupenda kwake kusema, alikuwa anasomea muziki chuoni. Mwalimu wao aliwataka kila mmoja atunge wimbo na kuutengenezea video. Chiriku akatunga wimbo juu ya nguo na mikono inayozishona, kisha akaomba apigie video yake dukani kwa mama, kati ya vyerehani na vitambaa.

"Duka lako hilo," mama alimjibu, akikata uzi kwa meno. "Ila mimi msinitie humo. Unanijua mimi na picha."

Chiriku alimjua, au alidhani anamjua. Katika picha zote za familia, mama hayumo. Iwe harusi, iwe mahafali, yeye ndiye aliyeshika mikoba ya watu. Zamani sana, siku moja aliyovimba shavu kwa jino, alisema, "Mimi picha sipigi," na watu wakalipokea neno hilo kama sheria. Shavu likapona, sheria ikabaki. Sasa angeanzia wapi kuitengua? Na safari hii, Mungu amsamehe, alitamani kuwemo kwenye video ile mpaka usingizi ukamkimbia. Alikuwa ameusikia wimbo ukifanyiwa mazoezi chumba cha pili, ubeti kwa ubeti, na miguu yake ilikuwa imeujua kabla ya kichwa.

Siku ya siku akaingia dukani na gauni la zambarau lenye marinda, lile la kutokea, midomo inang'aa mafuta. Wifi yake, ambaye walishona pamoja humo, akaondoa mguu kwenye pedali.

"Wifi, tunakwenda wapi?"

"Nguo nyingine zote zimelowa."

"Zote? Hata ile uliyoshinda nayo jana?"

"Shona, wifi."

Mara Chiriku akafika na mwenzake wa chuoni, msichana mrefu waliyemwita Miwani, amebeba kamera kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Kamera kuwashwa tu, mama akajiteua mkubwa wa ukimya. Akazima feni. Akasimamisha cherehani cha wifi. Mteja aliyefuata suruali yake akazuiwa mlangoni: "Urudi baadaye, baba, humu kuna kazi ya sauti." Yeye mwenyewe alibana kikohozi mpaka machozi yakamtoka.

Miwani akamwonea huruma. "Mama, kohoa tu. Hapa sauti haichukuliwi. Wimbo tulisharekodi chuoni, Chiriku anaufuatisha kwa mdomo tu."

"Yaani haimbi?"

"Anajifanya anaimba."

"Kumbe tunatoka jasho bure," wifi akasema. "Na mtoto wa watu kaenda bila suruali yake."

Feni ikazunguka tena, cherehani kikanguruma, wimbo ukafunguliwa kwenye spika. Chiriku akacheza kandokando ya meza ya kukatia, akipita chini ya vitambaa vilivyoning'inizwa. Mama akajibanza karibu na mlango, nyuma ya Miwani, mahali alipoambiwa kamera haifiki. Na kwa kuwa hapo hakuna aliyemtazama, miguu ikamponyoka. Mabega yakafuata. Kiitikio kilipofika alikuwa anaimba kwa midomo tu, bila sauti, mkasi juu, marinda yakimzunguka. Walirudia wimbo, wakarudia tena, na kila mara mama alirudi mafichoni kwake palepale.

Walipomaliza wakaketi kwenye benchi kutazama walichovuna, kompyuta ikiwa magotini mwa Miwani. Chiriku alitabasamu kidogo, halafu akasogeza uso karibu.

"Hebu simamisha. Huyu nani?"

Ukutani, nyuma ya mahali alipochezea Chiriku, palikuwa na kioo kirefu ambamo wateja hujitazama wakijaribisha nguo. Wanafunzi hao walikuwa wamepanga taa, wamepanga vitambaa kwa rangi, kioo wakakisahau. Na ndani ya kioo, katika kila kipande walichopiga, alikuwemo mwanamke wa gauni la zambarau akicheza na mkasi kwa raha zake zote.

Wifi alicheka mpaka akashika meza asianguke. "Nguo zimelowa, eti. Wifi yangu, mficha uchi hazai."

Mama alitamani ardhi ipasuke. "Nimewaharibia kazi. Nisamehe, mwanangu. Kifunikeni shuka hicho kioo mrudie, mimi nitakaa nje."

Lakini Chiriku alikuwa anakitazama tena kile kipande cha kiitikio. "Miwani, angalia midomo. Mimi hapa nimechelewa, nimefumba mdomo na wimbo unaendelea. Mama hajakosa hata neno." Akamgeukia. "Umejifunzia wapi?"

"Kuta zetu nyembamba."

"Kuta nyembamba hazimfundishi mtu kucheza hivi, Chiriku, mimi shangazi yako ni shahidi," wifi akadakia.

"Mama," Chiriku akasema taratibu, "sisi tutafanya utakavyo. Tukikiacha kioo wazi, darasa zima litakuona. Tukikifunika, hakuna atakayejua. Unataka nini?"

Mama akafungua mdomo, na ile sheria ya zamani ikatangulia yenyewe. "Mimi picha..." Akaishia hapo. Kwenye kompyuta, yule mwanamke wa zambarau alikuwa amesimama na mkasi wake juu, meno yote nje. Mama akamtazama, akayanyoosha marinda yake kwa viganja.

"Kioo mkifunike," akasema. "Nataka kucheza hapa mbele, kando yako, watu wanione vizuri."