Jibu la Tarumbeta

Watu wa mtaa wa Mazwi husema mama yake Redempta alishikwa na uchungu nyuma ya pazia, igizo likiwa katikati, na baba yake, Fabiani, hakushuka jukwaani mpaka alipomaliza kupuliza tarumbeta. Redempta mwenyewe huongeza chumvi: eti alizaliwa akilia kwa sauti hiyohiyo, mkunga akabaki anatafuta pa kubonyeza.

Kikundi chao kilianzishwa na Mzee Kaitano, Mgoa aliyekuwa fundi cherehani mjini. Kwao Goa, alisema, maigizo ya lugha yao ya Kikonkani hayaendi makavu. Pazia likifungwa, mwimbaji anatoka mbele na wimbo usiohusiana na igizo hata kidogo. Anamsema mtu wa mji uleule, jina halitaji, na kila ubeti ukiisha tarumbeta inajibu. Kaitano alikufa, tarumbeta ikabaki kwa Fabiani, na desturi ikazoeleka kama ugali wa ulezi. Maneno ya wimbo huyajua mwimbaji peke yake. Mpulizaji hufundishwa kwa "la la la" tu, yasije yakavuja, maana Sumbawanga siri ina baiskeli.

Redempta alikuwa na miaka tisa wimbo ulipomsema mke wa mtu anayenunuliwa khanga na mfugaji. Fabiani alipuliza kila jibu, mashavu yamevimba kama aliyeficha viazi. Kwenye ubeti wa tatu mama yake Redempta, Jovina, alisimama, akatoka nje mbele ya watu wote, na kabla wiki haijaisha alikuwa kijijini Mollo kwa Masanja, mwenye ng'ombe. Hakurudi.

"Mkeo anasemwa, na wewe unapiga muziki!" Redempta alimwambia baba yake alipokua.

"Tarumbeta hainyamazi," Fabiani alijibu, basi.

Mwaka jana bodaboda ilimwangusha, meno ya mbele yakabaki barabarani. Alipojaribu kupuliza, ulitoka upepo mtupu. Aliyegeuka kusikiliza ni paka wa jirani. Tangu hapo alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Redempta alikuwa amejifunza tarumbeta tangu utotoni, na sasa aliitaka nafasi ile kuliko cheti chake cha kidato cha nne, ambacho kusema kweli hakikuwa na mengi ya kutamanisha. Akamwendea Nestory, mwimbaji.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umekuja tena? Msichana na tarumbeta! Hiyo midomo utaolewa nayo lini?"

"Midomo ninayo miwili, baba mdogo. Mmoja naubakiza."

Nestory alicheka mpaka akakohoa. "Haya, njoo. Lakini jibu lisikosekane. Ukinyamaza mara moja tu, humu hurudi."

Jumatatu ya Pasaka, mchana, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Fabiani alikaa safu ya tatu, koti la kuazima, kifua mbele. Pazia likafungwa, Nestory akatoka.

Ubeti wa kwanza ulikuwa wa mwanaume anayetoka kila Jumamosi jogoo hajawika. Redempta akajibu, sauti ikanyooka kama barabara ya lami. "Rudia! Rudia!" watu wakapiga kelele. Akarudia. Kule safu ya tatu baba yake alikuwa anacheka mdomo wazi, kiganja kiko gotini.

Ubeti wa pili: mwanaume huyo hubeba jembe kalivisha gunia, kama mtoto anayeogopewa baridi. Gunia lile alilishona Redempta mwenyewe. Baba alimwambia ni la kibarua, asiulize. Jibu likatoka, limepinda kidogo.

Ubeti wa tatu: mwanaume anapalilia mahindi ya aliyemchukulia mke, mradi tu amwone akipita na ndoo.

Ukumbi ulilipuka. "Nani huyo? Jamani, nani?" Watu waligeuka huku na huku, wakinyoosheana vidole. Fabiani naye alicheka, akageuka nyuma, akamtafuta mtu huyo pamoja nao. Kisha akamtazama binti yake na kuvimbisha mashavu, kama anayemfundisha mtoto: puliza.

Redempta akaishusha tarumbeta.

Kichwa kimoja kikamtazama yeye, kikahamia safu ya tatu. Cha pili kikafuata. Halafu vyote. Fabiani akaziba mdomo kwa kiganja.

Nyumbani Redempta hakumsubiri hata avue viatu.

"Nilikuwa nakutetea, baba."

"Ulinitaja! Nestory hakunitaja, wewe umenitaja." Maneno yalimtoka na mate kwenye lile pengo. "Siku ya mama yako ulifikiri napuliza kwa raha? Nilipuliza ili wamtafute kwingine. Angekaa tu, hakuna ambaye angejua. Alisimama mwenyewe. Na leo wewe."

Redempta akainama, akavua viatu vyake mwenyewe.

Jumanne Nestory alikuja kuchukua tarumbeta. Hakuketi.

Jumamosi, jua likiwa limeshachomoza, Fabiani alitoa jembe, akalivua gunia, akalifunga wazi nyuma ya baiskeli. Hakuwa na cha kuficha tena. Alipokata kona kuelekea Mollo, watoto wa Mazwi walimkimbilia wakiimba ubeti wa tatu, neno kwa neno. Redempta alisimama mlangoni na gunia mkononi, akawasikia wanavyomalizia kwa midomo yao, wote kwa pamoja, jibu ambalo yeye hakulipuliza.