Viatu Vyeupe na Jalada la Uhamisho

Simu ya mume wangu ililia Jumatatu asubuhi nikiwa namnyoa ndevu. Mkono wake wa kulia haushiki kitu tangu kiharusi kilipompata miaka miwili iliyopita, kwa hiyo simu zake napokea mimi.

"Dada, hujambo? Ni mimi."

Sikuhitaji jina. Sauti ile sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu, lakini niliitambua kabla hajamaliza kusema "dada".

"Nimesikia Mwalimu Mkuu anaumwa," alisema. "Naomba nije Jumamosi nimjulie hali."

"Nitakujibu," nikasema, nikakata.

Huyo ni Viatu Vyeupe. Jina hilo nilimpa mimi, moyoni, na sijawahi kulitamka mbele za watu isipokuwa kwa dada yangu. Mume wangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule za msingi za serikali, na katika shule yake ya kwanza alikuwako mwalimu wa kike wa darasa la kwanza aliyevaa viatu vyeupe siku zote, hata mvua ikinyesha, na havikuchafuka. Mimi nikitoka tu mlangoni nimeshapata tope hadi kwenye magoti.

Tukahamishiwa shule ya pili. Nikashukuru kimyakimya. Baada ya miezi mitatu lori la shule likasimama pale uwanjani, na kitu cha kwanza kilichoshuka kilikuwa kiatu cheupe. Tukahamishiwa ya tatu. Muhula haujaisha, kiatu hicho tena.

"Mara ya kwanza ni bahati mbaya," nilimwambia dada yangu. "Mara ya pili kuna mkono wa mtu."

Mume wangu nilimuuliza mara moja tu, tukiwa tunakunja mashuka. Akanijibu, "Ofisi ndiyo inayopanga, mke wangu." Basi tangu siku hiyo ofisi ikawa mtu wa sita katika nyumba yetu. Maji yakikatika, ofisi. Amechelewa kurudi, ofisi.

Nilimaliza kumnyoa, nikamfuta povu, nikamwambia, "Mwalimu wako wa darasa la kwanza anataka kuja Jumamosi."

Maneno yamebaki machache kwake, na yanatoka kwa taabu. Lakini mkono wa kushoto ukapanda polepole, ukainyoosha kola ya shati.

Kola! Miaka miwili namvalisha mimi, namfunga vifungo mimi, na hajawahi kujali kola imeangalia wapi.

Hapo nikaamua. Sitamjibu yule mwanamke mpaka nijue ni nani kati yao aliyeomba wafuatane. Kama ni yeye, mlango wangu hataufungua. Na kwa kuwa mume wangu hawezi tena kunieleza, na akinieleza simwamini, nitaiuliza ofisi yenyewe.

Nyumba ya nyaraka, wanakotunza karatasi za zamani za serikali, iko mitaa miwili kutoka kwetu, jengo la ghorofa moja lenye madirisha yaliyofunikwa mapazia mazito. Jumanne nilimwomba jirani akae na mzee, nikaenda. Mlangoni waliniambia niache mkoba, ninawe mikono, na kalamu ya wino hairuhusiwi ndani, ni penseli tu. Chumba cha kusomea kilikuwa baridi. Mtunza nyaraka alikuwa bwana mwembamba aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, kavaa sweta, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi wa viatu.

"Karibu, bibi. Unatafuta nini?"

"Namtafuta mwanamke."

Akaweka penseli chini. "Hapa tuna karatasi tu, bibi."

Nikamweleza nusu ya habari, ile inayosemeka. Nikataja jina la mume wangu, naye akafungua daftari kubwa la orodha ili mimi mwenyewe nione kwamba halimo. Tulipekua mpaka saa sita. Nikasema labda limeandikwa vibaya. Nikasema labda mmelificha. Hakuudhika hata kidogo. Alinivutia kiti kilicho mbali na mlango, penye joto, akaniambia:

"Jalada la mtumishi mwenyewe bado limefungwa, hata mimi siruhusiwi kukupa. Na karatasi za serikali hazikai kwa jina la mtu. Zinakaa kwa ofisi iliyozitunza. Jiulize, barua ya uhamisho iliandikwa na nani?"

"Afisa Elimu wa wilaya."

"Basi usimtafute mumeo. Mtafute Afisa Elimu."

"Huyo naye nina kesi naye," nikasema, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Tukamtafuta Afisa Elimu. Shida ikawa wilaya ile imegawanywa mara mbili, na shule imebadilishwa jina mara mbili vilevile. Jina ninalolijua mimi halikuwa kwenye orodha.

"Huna karatasi yoyote ya zamani nyumbani? Hata moja?"

Ninayo. Nina kopo la biskuti lenye barua ya uhamisho wetu wa tatu, na vyeti vya ubatizo wa watoto, na kitovu cha mtoto wa mwisho kilichokauka. Jumatano niliileta barua, imekunjwa katika leso. Yeye hakusoma hata neno moja la ndani. Aliweka kidole kwenye kona ya juu, pale penye herufi na tarakimu zilizotenganishwa kwa mistari midogo. Miaka yote nilidhani ni pambo la ofisi.

"Hii ni anwani ya nyumbani kwa barua," alisema. "Inatuambia ililala katika jalada gani."

Akajaza karatasi ya kuombea jalada hilo. Nilingoja kama robo tatu ya saa. Likaja jalada la rangi ya kahawia, nene kama mto wa mtoto mchanga, limefungwa kwa utepe wa pamba. Akaniachia kifundo nikifungue mwenyewe. Kisha akaitwa kwenye simu.

Nikafungua, nikasoma cha juu. Nikageuza, nikasoma kinachofuata. Madawati. Paa lililovuja. Karatasi ya sita ilikuwa nakala ya barua kwenda kwa Viatu Vyeupe, na jina lake kamili juu:

"Ombi lako kuhusu shule ya Mwalimu Mkuu anayehamishwa nimelisoma. Utaripoti shuleni kwake tarehe mosi."

Nikaisoma mara tatu. Ombi lako! Kumbe aliomba. Nikanakili kwa penseli kila herufi, nikafunga jalada, nikafunga utepe kwa fundo la kufungia kuku wa kuchinjwa, nikatoka bila kuaga. Niliona haya baadaye, maana bwana yule alikuwa ameniwekea kikombe cha maji ya moto mezani nje ya chumba, kimefunikwa kwa kisosi.

Nyumbani sikuvua hata kitambaa cha kichwa. Nikapiga simu.

"Jumamosi usije. Nimeiona barua."

"Barua gani, dada?"

"Ya ofisi. Ya shule ya tatu. Ombi lako limesomwa."

Akasema, kwa sauti ya mtu aliyekutwa na jambo, "Kwa hiyo ulisoma nilichoandika. Nisamehe sana, dada. Sikujua kitakaa miaka yote hii." Akakata yeye.

Nilipaswa kufurahi. Nilimlisha mzee nikiwa nimemshinda mtu. Lakini kijiko kilikuwa kinasimama njiani. Nilichoandika, alisema. Mimi sikusoma alichoandika. Nilisoma alichojibiwa.

Alhamisi nilikuwa mlangoni kabla hawajafungua. Mtunza nyaraka aliniona, hakuniuliza kwa nini jana nilikimbia.

"Bibi, ulianzia juu?"

"Nianzie wapi sasa, ubavuni?"

"Kila mtu hukosea hapo. Ofisini karatasi mpya huwekwa juu ya ya zamani. Ukianzia juu unakutana na jibu kabla ya swali. Geuza jalada, anzia chini. Na fuata hizi namba za penseli kwenye kona, kila karatasi ina yake."

Nikageuza. Nikaanza na namba moja, miaka ile nywele zangu zikiwa nyeusi, nikaja nazo, paa, choo, chaki, mwalimu mlevi, madawati. Namba kumi na mbili ilikuwa mwandiko wa mume wangu. Alikuwa katika shule ya pili, anaomba mwalimu wa darasa la kwanza, na alimtaja kwa jina: "Watoto wake husoma kabla muhula haujaisha. Sijaona mwalimu kama huyu."

Kumbe mara ile mkono wa mtu ulikuwapo, na ni mkono ninaouosha kila siku. Mimi, akisafiri, aliniandikia kuhusu mafuta ya taa na chumvi. "Sijaona mke kama huyu" sikuandikiwa, hata kwa penseli.

Nilitaka kufunga. Lakini namba zilikuwa zinaendelea, nami nikazifuata kama nilivyoambiwa. Thelathini na moja ilikuwa mwandiko wa mviringo, mzuri, wa mtu anayefundisha watoto kuandika.

"Naomba nisipelekwe tena katika shule ya Mwalimu Mkuu huyu. Hajanikosea, na mimi sijamkosea. Lakini mke wake hana raha nikiwa karibu. Hajanitukana hata siku moja. Nilipougua homa aliniletea uji siku tisa, akauweka mlangoni bila kunitazama usoni. Mtu wa namna hiyo sipendi kumuumiza. Nipelekeni popote, hata mbali."

Pembeni, kwa wino mwekundu, Afisa Elimu ameandika: "Hatuna mwalimu mwingine wa kike wa watoto wadogo. Aende."

Basi ni ofisi. Katika shule ya tatu, kweli, ilikuwa ofisi.

Na uji ule nilikuwa nimeusahau kabisa. Kilichonichoma kilikuwa kingine. Nilidhani wivu wangu nimeufunika vizuri, kama chakula kinachongoja wageni. Kumbe umeandikwa, umesomwa na wakubwa, umetiwa namba, na umekaa serikalini miaka arobaini ukitunzwa usiliwe na mchwa.

Mtunza nyaraka alikuwa amesimama dirishani, ananipa mgongo kwa makusudi. "Bibi," alisema bila kugeuka, "kulia kunaruhusiwa. Ila sogea nyuma kidogo, karatasi isilowe."

Ijumaa nilipiga simu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakapotea yote.

"Njoo," nikasema.

"Kweli, dada?"

"Njoo kabla sijabadili mawazo. Najijua."

Jumamosi nilimpigia mzee pasi shati lake la buluu. Kola niliipiga pasi mara mbili, na niliinyoosha mwenyewe, asije akapata kazi ya kuinyoosha. Saa nne tukasikia hodi. Nilifungua, na macho yangu yakaenda chini kabla hayajaenda juu. Alivaa kandambili za mpira, nyeusi. Miguu ilikuwa imevimba, viatu vya kufunga haviingii tena.

"Karibu ndani," nikasema, nikamtazama usoni. Ni mzee kama mimi. Ana kidoti kidogo chini ya jicho ambacho miaka yote ile sikukijua.

"Dada, ile barua..."

"Nimeisoma kutoka chini. Ingia, miguu itakuuma."

Akaingia. Mume wangu alimwona, na midomo ikaanza kuhangaika kutafuta neno. Kwa kawaida mimi humsaidia. Najua maneno yake yote, humtolea kabla hayajafika. Safari hii nikaubana mdomo wangu.

"Nawawekea chai," nikasema.

Katika shule zote tatu sikuwahi kuwaacha wawili hao chumba kimoja. Daima nilikuwa na jambo la kuuliza, au mtoto wa kumtuma. Sasa nilienda jikoni, nikawasha jiko, nikaweka birika. Sikufunga mlango. Mimi si malaika.

Nilisikia sauti yake ya mwalimu, polepole, ikimngoja kama alivyongoja watoto wa darasa la kwanza. Nikasikia mzee akijaribu neno, akalikosa, akajaribu tena. Kisha akacheka. Kicheko kile cha tumboni sikuwa nimekisikia tangu kiharusi, na si mimi niliyekileta. Kilinichoma mahali palepale pa zamani, na kilinifurahisha, vyote viwili kwa wakati mmoja.

Maji yalikuwa yameanza kuimba. Nikafunua birika, nikaongeza vikombe viwili vya maji baridi, ili yachelewe kuchemka.