Mkono Mwingine

Mshauri wa huduma alilileta boksi kwa mikono miwili, kama mtu anayeleta keki, akaliweka juu ya meza ya kioo mbele ya Mpima. Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya ngozi, mashine ya kahawa, na dirisha kubwa ambalo kupitia kwalo mteja aliweza kuliona gari lake likiwa limeinuliwa juu, magurudumu yakining'inia kama miguu ya mtoto aliyebebwa. Mshauri alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwapani.

"Ndio utaratibu wetu, mzee," alisema. "Tunachokitoa tunakurudishia, usije ukadhani tumekuibia."

"Ni nini humu?"

"Vitu visivyo halisi. Gari lako lilikuwa limepita kwenye mkono mwingine. Sasa tumeanza kulirudisha lilivyotoka kiwandani, na dhamana inaanza upya. Sharti ni moja tu: asiliguse mtu mwingine. Hata kufungua boneti, utuite sisi. Mkono mwingine ukiligusa, dhamana imekufa."

Mpima alitia sahihi kwa ncha ya kidole kwenye kompyuta ndogo ya mshauri, akalibeba boksi, akaondoka.

Alikuwa amestaafu kazi ya kupima ardhi. Gari lile jekundu, la milango miwili, lililolala chini kama mkeka, alilinunua kwa daktari wa meno aliyekuwa anahama. Lilikuwa limetumika sana, lakini uzuri wake ulikuwa bado haujatumika. Alilitamani gari la namna ile tangu ujana wake, alipokuwa akitembea na vigingi begani akila vumbi la wanaopita. Mke wake alisema kulipanda ni kazi ya vijana na kulishuka ni kazi ya zimamoto, lakini Jumapili alijifunga kitambaa kichwani akaingia.

Mkono mwingine ulikuwa wa kaka yake. Kaka alikuwa na gereji ya mabati kati ya kiwanda cha mbao na duka la chakula cha kuku, na mtaa mzima ulimwita Bisibisi kwa namna yake ya kufanya kazi. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayonguruma, mpini akaubana sikioni, akafumba macho, akasikiliza kama mtu anayeambiwa siri. Akishajua, aliinuka akaanza kazi, na wakati wa kukaza nati alipiga mluzi. Baba yao alipofariki, mmoja wao ilibidi aache shule, na Bisibisi ndiye aliyekuwa mkubwa. Jambo hilo halikuzungumzwa katika ukoo, kama watu wasivyozungumzia msingi wa nyumba wanayoishi.

Gari lilipoletwa lilikuwa haliwaki. Bisibisi alilifufua. Bushi, zile raba za kuzuia mtikisiko, alizichonga kutoka kwenye tairi la lori, na breketi ya kushikilia ekzosi aliichomelea kwa chuma cha kitanda cha marehemu mama yao. Likawaka. Lilitoa kelele kidogo kila lilipopita bondeni, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema, lakini lilikwenda, na Mpima aliliendesha akiwa amefungua vioo vyote.

Wenye magari ya namna ile walikuwa wakikutana Jumapili asubuhi kwenye uwanja wa hoteli moja, boneti zikiwa wazi, wakikaguliana injini kama watu wa mnadani wanavyokagua meno ya mbuzi. Jumapili moja Bisibisi alifika pale kwa baiskeli, amevaa ovaroli, kumletea mdogo wake kifuniko cha tangi kilichosahaulika gereji.

"Huyu nani?" aliuliza mwanasheria mmoja mwenye gari la kijivu.

"Fundi wangu tu," alisema Mpima.

Bisibisi alimpa kile kifuniko. "Haya, bosi," alisema, akapanda baiskeli yake.

Jumatatu Mpima akalipeleka gari kwa wakala wa kiwanda, kwenye viti vile vya ngozi.

Boksi la kwanza walilifungua juu ya meza ya chakula. Zilikuwemo bushi, na breketi iliyofungwa kwa karatasi, na chini kabisa ulikuwemo mluzi. Ulitoka polepole, ukazunguka chumba, ukapita nyuma ya kabati, ukarudi ukakaa boksini.

"Si wa shemeji huo?" aliuliza mke.

"Ni wake."

"Basi funika, utaingia vumbi."

Mpima alikwenda gereji kesho yake. Alimkuta kaka yake anakaza nati za gurudumu la teksi, midomo ameikunja, na hewa tupu inatoka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekwenda kwa wenye vioo."

"Nani amekwambia?"

"Mluzi ulikatika katikati ya wimbo. Nikajua." Bisibisi alifuta mikono kwa kitambaa. "Sina neno, bwana mdogo. Gari lako. Ila niletee zile bushi na ile breketi nizirudishe mahali pake, na mluzi utarudi wenyewe. Ni kazi ya asubuhi moja."

"Zikirudi, dhamana inakufa."

"Dhamana ndiyo nani?"

Mwenye teksi alicheka. Mpima naye alicheka, akasema ataleta zile bushi mwishoni mwa wiki. Mwisho wa wiki ulifika, akakumbuka kwamba ana msiba wa jirani.

Kwa haki, wakala alifanya kazi nzuri. Gari lilitulia barabarani, usukani ukawa mwepesi, na bondeni halikusafisha koo tena. Kila huduma ilipofika, mshauri alipata kitu kingine ambacho mkono mwingine ulikuwa umekipitia, na Mpima akarudi nyumbani na boksi. Katika waya za breki kilikuwemo kidole gumba cha kulia, kikavu, kisafi, hakina damu, kina lile kovu la msumeno. Pamoja na giaboksi lilikuja sikio. Halafu yakaja mabega, yamekunjwa vizuri, na ule uzito wake wa kukaa ambao ulivunja viti viwili vya sebuleni katika maisha yake.

Hapakuwa na mtu wa kushangaa. Wateja wa Bisibisi walisema uzee umempunguza, wakahamia kwa mafundi wengine. Yeye mwenyewe aliendelea kuja kwa mdogo wake siku za mapumziko, na kila alipokuja alikuwa haba zaidi. Mke wa Mpima alimpokea kwa utani, ndivyo walivyozoeana.

"Shemeji, leo umekuja nusu. Nusu nyingine umeiacha kwa mwanamke gani?"

"Iko humu humu kwako, shemeji. Ichungulie stoo."

"Nimeichungulia. Haitaki kula."

"Ndio iliyobaki na adabu hiyo."

Walicheka wote. Bisibisi alishika kikombe kwa viganja viwili, kwa kuwa gumba halikuwepo, na mdogo wake akajifanya anatafuta sukari. Alipokuwa anaondoka, Bisibisi alisimama mlangoni.

"Wanasema wanalirudishia asili yake," alisema. "Sawa. Ila mimi na wewe tuliwahi kulala kitanda kile cha mama, ujue. Wewe upande wa ukutani, kwa sababu uliogopa kuanguka."

"Nakumbuka, kaka."

"Nilifikiri hukumbuki."

Usiku Mpima hakupata usingizi. Asubuhi aliyatoa maboksi yote stoo, akayapanga kwenye buti ya gari, na buti ya gari lile ilikuwa ndogo, kwa hiyo mengine aliyaweka kiti cha mbele na kuyafunga mkanda. Alifika mpaka kwenye kona ya kiwanda cha mbao. Kutoka pale aliweza kuyaona mabati ya gereji, na kaka yake ameketi nje kwenye ndoo iliyogeuzwa, hana kazi. Mpima aliacha injini ikiwaka. Ilikuwa laini mno hata alisikia saa yake ya mkononi. Alifikiri: nikiyashusha haya, Jumapili nitawaambia nini? Akageuza gari. Bisibisi alikuwa ameinua kichwa, lakini sikio lilikuwa ndani ya boksi, na pengine hakulisikia gari likigeuka.

Haukupita muda mrefu mshauri wa huduma akampigia simu. Limebaki jambo moja tu, alisema.

Mpima alipofika, mwanasheria mwenye gari la kijivu alikuwa ameketi kwenye chumba cha kungojea, anakunywa kahawa. Walisalimiana. Mshauri alisimama kati yao na kompyuta yake ndogo.

"Ni mpigo wa injini, mzee. Si wa kiwandani. Kuna mtu ameuweka kwa kusikiliza, kwa sikio lake. Si mbaya, niseme ukweli. Tukiuweka kwa mashine, gari linakuwa halisi kabisa, asilimia mia. Lakini kama ni kazi ya mtu wako, wateja wengine huomba tuiache. Injini tu ndiyo inatoka kwenye dhamana. Hiyo ni kazi ya nani?"

Mwanasheria aliacha kupuliza kahawa. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mtu anayependa magari.

Mpima alijua ni nini kilichobaki gereji. Kilikuwa ni ovaroli, sauti, na macho mawili yaliyomtazama tangu alipozaliwa. Alijua pia kwamba jibu ni maneno mawili, na kwamba maneno hayo aliyajua kabla ya kujua jina lake mwenyewe. Aliyatafuta mdomoni akayakuta.

"Ya fundi mmoja wa mtaani," alisema. "Itoeni."

Akatia sahihi kwa ncha ya kidole.

Boksi la mwisho lilikuwa kubwa, na vijana wawili walimsaidia kulibeba. Nyumbani mke wake alilifungua pembeni, akachungulia, akafunga tena. Kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze hakufanya utani wowote.

"Shikamoo, shemeji," alisema.

"Marahaba," ilijibu sauti kutoka ndani. "Kuna joto humu."

Mke aliyatoa maboksi yote stoo, akayahamishia sebuleni, karibu na dirisha. Mgeni halazwi stoo, alisema, na mume wake hakubishana naye. Kwa kuwa hakuna aliyekufa, hapakuwa na mazishi. Waliouliza mtaani waliambiwa Bisibisi amehamia kwa mdogo wake, na huo ulikuwa ukweli. Mabati ya gereji yaling'olewa, na kiwanda cha mbao kikaanika mbao zake pale.

Waliishi hivyo. Jioni walizungumza, mmoja kitini na mwingine boksini, habari za wazazi, habari za mvua, nani kaoa na nani kaachika. Mpima alikuwa mwangalifu sana. Alifuta vumbi mwenyewe. Mara nyingi alianza kusema, "Kaka, ile Jumapili..." na Bisibisi alisema, "Ile ipi?" kwa upole kabisa, akingoja, na Mpima akasema si kitu, nimesahau nilichotaka kusema.

Kisha gari lilizima barabarani, nje ya mji, alasiri, kwenye jua kali. Lilizima bila kelele, kwa adabu. Mpima alipiga simu kwa wakala, wakamwambia gari la kuvuta liko njiani, asiguse kitu. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha fundi. Fundi alivuka huku akifuta mikono.

"Pole, mzee. Tuone?"

"Hapana, asante. Haliruhusiwi kuguswa."

"Hata kuangalia?"

"Hata kuangalia."

Fundi aliinua mabega akarudi kivulini kwake.

Mpima alipiga simu nyumbani, kumwambia mke wake kwamba atachelewa. Mke alisema subiri. Alisikika akisogeza vitu, akifungua boksi moja, kisha jingine.

"Bwana mdogo," ilisema sauti ya kaka yake. "Shemeji ameniwekea simu sikioni. Hebu piga stata nisikie."

Mpima aliiweka simu juu ya dashibodi, sauti ikiwa wazi, akaipiga. Injini iliguna, haikushika.

"Tena."

Aliipiga tena. Alijua kaka yake amefumba macho, popote macho yalipokuwa.

"Si kitu," alisema Bisibisi, na sauti yake ilikuwa na furaha, furaha ya kazi, ambayo Mpima hakuwa ameisikia tangu gereji ing'olewe. "Kuna waya umelegea juu ya koili. Ni wa kubonyeza tu. Fungua boneti."

Mpima alitazama boneti nyekundu, imekaa sawasawa kwenye mistari yake. Katikati ya ukingo wa mbele palikuwa na kibandiko kidogo cha fedha cha wakala, ambacho kingechanika.

"Nimefungua," alisema.

"Upande wa kushoto, waya mweusi. Umeuona?"

"Nimeuona."

"Ubonyeze kwa gumba mpaka ulie. Usiogope, haukurushi."

Mikono ya Mpima ilikuwa imelala magotini, yote miwili, mizima. Ng'ambo yule fundi alikuwa anamtazama.

"Umelia?"

"Umelia, kaka."

"Basi washa," alisema Bisibisi. "Washa nisikie."

Mpima hakuwasha. Aliichukua simu, na ndani yake akasikia sebule yake mwenyewe, pazia likigusa dirisha, na kaka yake ametulia, anasikiliza, anangoja.